Moja la Lami, Moja la Vumbi

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiendesha gari kutoka Vwawa kwenda Tunduma asubuhi na kurudi jioni, siku sita za juma, na naweza kusema bila kujisifu sana kwamba hakuna mtu aliyewahi kunichomekea gari mbele kwa hiari yangu. Wapo waliofanikiwa kwa hila. Wapo waliofanikiwa kwa sababu gari lao lilikuwa kubwa kuliko langu. Lakini kwa hiari yangu, hapana. Wenzangu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha ninakofanya kazi walikuwa wakinitania kwamba lau mpaka ungelindwa na watu kama mimi, hata kuku wa Nakonde, upande wa Zambia, asingevuka bila karatasi. Niliuchukua utani huo kama sifa.

Kwa asiyeijua barabara yetu, lami ni moja, yenye njia ya kwenda na njia ya kurudi. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupanga foleni upande wa kushoto kusubiri kuvuka, na foleni hiyo siku nyingine hufika Mpemba, siku nyingine huipita Mpemba ikaenda kusikojulikana. Wenye malori wamezoea. Hupika ugali chini ya matela, hufua, hunyoana ndevu, na nadhani wapo waliochumbia humo humo. Sisi wenye magari madogo hatuna nafasi ya kuishi hivyo. Tunayapita malori kwa upande wa kulia, ambao ni wa magari yanayokuja, taa zikiwaka na jina la Mungu likiwa mdomoni, na likitokea lori kutoka mpakani tunajibanza haraka kwenye mwanya kati ya lori na lori. Mwanya huo haujaandikwa kwenye kitabu chochote cha sheria. Dereva wa lori huuacha kwa moyo wake tu, akijua kuna watu wadogo watauhitaji. Niliwahi kumwambia mwenzangu ofisini kwamba ustaarabu wote wa mkoa wa Songwe unakaa kwenye zile mita chache nyuma ya tela. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Halafu kuna watanuaji. Hawa ni wateule. Wao wakiona upande wa kulia hausogei, hushuka kushoto, nje kabisa ya lami, wakakimbiza magari yao vumbini kandokando ya malori, wakitawanya mama lishe, masufuria ya maharage na madereva waliokuwa wanapiga mswaki. Mbele kidogo lazima pawepo mahali pa kuwakwamisha: kalavati, au lori lililokufa. Hapo watu wa lami na watu wa vumbi wanakutana, na njia inabaki ya gari moja. Kwa mahali kama hapo tuna sheria yetu, moja la lami, moja la vumbi. Hakuna aliyeitunga na kila mtu anaijua. Hata anayeivunja anaijua, ndiyo maana akiivunja hakutazami usoni.

Mimi niliivunja kwa kanuni. Nilikuwa na hoja, na hoja yangu nilikuwa tayari kuieleza kwa yeyote mwenye nusu saa: kwa nini mtu aliyetanua apewe zamu? Zamu ni ya aliyepanga foleni. Kwamba na mimi nilikuwa nimeyapita malori zaidi ya mia kwa upande usio wangu, hilo sikuwa nalihesabu. Wao walikuwa na haraka. Mimi nilikuwa na haraka ya halali.

Kilichonimaliza kabisa ni misiba. Kwetu gari la msiba linapishwa. Linafungwa matawi mabichi mbele na kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni, linawasha taa, na barabara nzima inaachia njia, hata mlevi anavua kofia. Ni desturi nzuri, na kama desturi zote nzuri, ilipata wataalamu wake. Pale karibu na Mpemba kuna mikaratusi ambayo upande wa barabarani haina tena matawi ya chini, yamekatwa yote kwa ajili ya misiba isiyo na maiti. Niliwahi kulipisha gari la namna hiyo nikiwa nimeinamisha kichwa kwa heshima, kisha nikalikuta mbele limeegeshwa, marehemu na wafiwa wote wakila chipsi. Tangu siku hiyo niliapa. Wafu wa barabara yetu walikuwa wakifufuka kila siku, wala hawakungoja siku ya tatu.

Sasa niseme habari ya mjomba.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, na ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyekuwa amebaki kwake. Alioa Tunduma, akajenga huko, akazeeka huko. Alifariki hospitalini Mbeya siku ya Jumanne, mazishi yakapangwa Alhamisi saa nane mchana, nyumbani kwake. Mama alikuja kwangu Vwawa Jumatano jioni kutoka Hasamba, akiwa na kifurushi cha nguo na kitabu chake cha tenzi. Kwenye ukoo wetu, mtu akirudishwa nyumbani ndani ya jeneza, dada yake mkubwa ndiye anayempokea mlangoni. Anaweka mikono juu ya jeneza, anamweleza amefika wapi na nani wamekuja kumlaki, kisha linafunguliwa, na yeye anakuwa wa kwanza kumwona. Kanisa linaimba wimbo wakati huo na kujifanya halisikii.

Mama hakuwa amemwona mjomba tangu Pasaka. Mjomba alipougua tulimwambia mama kwamba atapona, asihangaike kusafiri. Mimi ndiye niliyemwambia. Asubuhi ya mazishi, huku akinywa chai, alisema, "Mimi nataka nimkute mlangoni, nimwone uso. Basi." Akasema tena akifunga kilemba. Akasema tena akivaa viatu.

Saa mbili na nusu binamu yangu, mtoto mkubwa wa mjomba, alipiga simu. Yeye huniita dada, nami nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Alisema lile Landikruza walilokodi kubeba mwili limeharibika Mlowo, fundi analiangalia, watachelewa kidogo.

"Basi tutamtangulia," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne uso wake ulilegea.

Tuliondoka. Simu niliitia kwenye pochi, pochi nikaitupa kiti cha nyuma, kwa sababu mimi nikishika usukani sipokei simu. Sheria ni sheria.

Foleni tuliikuta mapema kuliko nilivyotegemea. Nikatoka kulia, nikaanza kuyapita. Mara nne yalitokea malori kutoka mpakani, na mara nne tuliachiwa mwanya. Mara ya tatu nilikuwa nimechelewa kujibanza, lori la mafuta linakuja limewasha taa zote, na dereva mmoja wa Zambia alirudisha nyuma tela lake lote ili kigari changu kipate pa kuingia. Alitoa kichwa dirishani, akatuita kwa neno la heshima la kwao. "Ingieni, mukwai, ingieni!" Mama alimpungia mkono na kumwombea baraka kwa Kinyiha, lugha ambayo yule bwana hakuijua hata neno moja. Mimi niliona ni haki yetu. Tulikuwa tunawahi msiba.

Karibu na Mpemba lori lilikuwa limekatika ekseli, limelala mshazari, likaacha upenyo wa gari moja. Askari wa usalama barabarani alikuwa amesimama mbele, anaruhusu upande mmoja, kisha anasimamisha na kuruhusu upande wa pili. Sisi wa lami tulikuwa mstari mmoja, wa vumbi mstari mwingine, na mambo yalikuwa yanakwenda kwa utaratibu wa kushangaza: moja la lami, moja la vumbi. Gari lililokuwa mbele yangu likaingia. Zamu ikawa ya vumbi.

Kushoto kwangu ilikuwepo pikapu kuukuu ya bluu. Matawi mbele, mabichi kabisa, bado yanatoa utomvu. Kitambaa chekundu kwenye kioo. Nyuma ilikuwa imefunikwa turubai, na watu wanne watano wamekaa kingoni, wamejifunika masweta na barakoa kwa ajili ya vumbi, hujui nani ni nani. Nikacheka peke yangu. Nikasogea mpaka bampa langu likakaribia kuligusa gari la mbele.

Dereva wa pikapu akatoa kichwa. "Dada, samahani. Hii ni zamu yetu, na tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Sijui, dada. Mimi nimekodiwa tu sasa hivi."

"Hata jina la marehemu hulijui?" nilimwuliza. "Basi kamwulize mwenyewe huko nyuma, akikujibu nitakupisha."

Nilijisikia vizuri sana baada ya kusema hivyo. Nakumbuka niliangalia kama kuna mtu wa gari jingine amesikia.

Mmoja wa wale waliokaa kingoni aliinua mkono. Nilidhani ananibembeleza. Nikageuza uso. Pochi ikaanza kuita kiti cha nyuma, ikaita mpaka ikachoka, ikaanza tena.

"Mpishe, mwanangu," mama alisema. "Kama wanadanganya, dhambi ni yao."

"Mama, unataka kufika kabla ya mwili au hutaki?"

 Mama alitazama mbele, mikono yote miwili juu ya kitabu chake cha tenzi.

Nikapita. Kwenye kioo nilimwona askari akiinua mkono nyuma yangu, pale pale, bampa la pikapu likiwa karibu kumgusa goti. Kutoka upande wa Tunduma yalikuwa yanakuja malori ya shaba, moja baada ya jingine, huwezi kuuona mwisho wake. Nilimwambia mama, "Umeona? Haki ina macho." 

Tulifika msibani saa sita kasoro. Wanawake walikuja kumpokea mama kwa kilio, wakampeleka mlangoni na kumwekea kigoda. Nilibaki kwenye gari kuchukua kifurushi chake, nikakumbuka simu. Binamu alikuwa amepiga mara tatu. Chini yake kulikuwa na ujumbe, ulioandikwa kwa haraka bila nukta:

"Dada landikruza limegoma tumehamia pikapu ya bluu tuko kushoto kwako hapa"

Niliusoma, nikaufunga, nikaufungua tena, nikitumaini labda utakuwa umetumwa na mtu mwingine. Kisha nikafanya kile ambacho mtu mwenye kanuni anapaswa kufanya. Nikaweka simu mfukoni, nikapeleka kifurushi ndani, nikaketi mkekani kati ya wanawake, nikaimba.

Mama alikuwa mlangoni. Kila baada ya muda aligeuka kunitafuta kwa macho. "Wamefika wapi?"

"Mpemba," nilisema.

Baada ya nusu saa aliuliza tena. Nikasema Mpemba. Saa saba aliuliza tena, na nikasema Mpemba, na yote yalikuwa kweli. Mchungaji, ambaye jioni alikuwa na mazishi mengine mbali, alianza kuangalia saa yake bila kujificha. Jua lilikuwa kali. Bibi mmoja pembeni yangu, jirani wa mjomba, alisikia kwamba pikapu ya mwili imenyimwa njia huko barabarani, maana mmoja wa waliokuwemo alikuwa amempigia mkewe. Habari ikazunguka mkeka mzima.

"Watu wa siku hizi hawapishi hata maiti," yule bibi alisema. "Mtu wa namna hiyo kazaliwa na mama kweli?"

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko pamoja na wengine. Nilikuwa hodari. Nadhani hata nilisema "Jamani."

Pikapu iliingia saa nane kasoro robo, imegeuka rangi ya udongo, matawi yamenyauka. Nilisimama nyuma ya wanawake warefu. Dereva alishuka akijifuta uso, akaliona gari langu jeupe limeegeshwa chini ya ukuta, akasimama akaliangalia. Kisha akawasaidia kufungua turubai. Binamu alivua barakoa. Alikuwa ndiye yule aliyeinua mkono.

Wazee wa ukoo na mchungaji walinong'ona kando ya gari, wakamwita binamu, wakanong'ona tena. Jeneza likaletwa mpaka mlangoni, likawekwa juu ya viti viwili. Mzee mmoja, shemeji yake mama, akamwinamia.

"Mama, jeneza hatutalifungua. Mwili umekaa juani muda mrefu, na muda wa ibada umekwisha."

Mama alimtazama. "Hata kidirisha?"

"Hata kidirisha, mama."

 Nilidhani atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwenda kumshika, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wake na ndiyo kazi ya mtoto. Hakulia. Alisimama, akaweka mikono yake juu ya mfuniko, na wanawake wakaanza wimbo, lakini polepole, na sauti yake ilisikika juu ya wimbo.

"Umefika kwako, mdogo wangu. Hapa ni mlangoni kwako. Watoto wako wapo. Wa Hasamba wamekuja, wa Nakonde wamevuka wamekuja." Akapapasa mbao kama anayetafuta kitu. "Umechelewa, na mimi najua kwa nini. Tulikuwa wote pale Mpemba, wewe kushoto, sisi kulia. Sikujua ni wewe. Mwanangu alikunyima njia. Nilimwambia akupishe, nikamwambia mara moja tu. Sikurudia, kwa sababu nilitaka nikutangulie."

Wimbo ulikuwa umekwisha kabla hajamaliza.

"Nimekutangulia," mama alisema. "Uso wako sikuuona."

Watu hawakunigeukia mara moja. Waligeuka mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyokumbuka mwana wa mama ni yupi. Yule bibi wa mkekani alikuwa wa mwisho, na yeye hakunitazama usoni, alitazama viatu vyangu. Nilitaka kusema kwamba barabara ile imejaa waongo. Nilikuwa na mifano. Nilikuwa na yule marehemu aliyekula chipsi. 

Tulimzika kwa haraka, kama tulivyotakiwa. Mama alitupa udongo wake, akarudi kukaa kwenye kigoda. Nilipomletea maji alikunywa, akanirudishia kikombe, akaniambia ahsante, jambo ambalo hajawahi kuniambia kwa kikombe cha maji tangu nizaliwe.

Binamu nilimkuta kwenye beseni la kunawia, anasafisha udongo kwenye kucha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu makaburini. Nilianza kwa kumwambia kwamba simu ilikuwa kiti cha nyuma, kwamba sipokei nikiwa naendesha, kwamba gari tuliloambiwa ni Landikruza, si pikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na ningelipenda awe nayo.

"Dereva alitaka kupiga honi," alisema. "Alitaka kukulazimisha, akuchomekee kwa nguvu. Nikamkataza. Nikamwambia, tulia, huyo ni dada yangu, akituona tu atatupisha." Alijimwagia maji mikononi. "Nilikupungia. Hivi ulituona, dada?"

Nikamwambia niliwaona.